Kuomba viza ya utalii hatua kwa hatua, na kinachoendelea kule ndani ubalozini

Nianze na kitu ambacho kingenisaidia sana kama ningekijua mapema. Yule afisa wa viza anayesoma maombi yako hana ugomvi na wewe, wala hajali sana kama una hela nyingi au kidogo, anachokitafuta kwenye makaratasi yako yote ni jibu la swali moja tu, huyu mtu akienda atarudi? Fomu, barua ya kazini, stetimenti ya benki, buking ya hoteli, vyote vinazunguka swali hilo hilo. Ukishalielewa hilo utajua karatasi gani ina kazi na ipi ni ya kunenepesha bahasha tu.

Twende taratibu sasa. Nitaanza na ubalozi wenyewe, manake wengi wetu tunaenda kuomba kitu kwenye ofisi ambayo hata hatujui inafanyaga kazi gani.

Ubalozi unafanya nini hasa

Viza ni kipande kidogo tu cha kazi ya ubalozi. Kuna Mkataba wa Vienna wa 1961, huo ndo unaoeleza kazi za ubalozi: kuiwakilisha nchi yake, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya pale, kufuatilia yanayoendelea na kuripoti nyumbani, kukuza urafiki na biashara. Afu kuna mkataba mwingine wa Vienna wa 1963, huu wa mambo ya konseli, yaani huduma za watu wa kawaida: pasipoti kwa raia wao walioko ugenini, kuandikisha vizazi na ndoa, kumsaidia raia wao aliyepata matatizo, na viza kwa wageni kama sisi. Kwa hiyo ukienda kuomba viza unashughulika na kitengo cha konseli, balozi mwenyewe wala hajui kama upo, na kumtafuta mtu anayemjua balozi ni kupoteza muda na pengine hela.

Halafu ile habari kwamba ukiingia ubalozini umeshaingia nchi ya watu, hapana. Ardhi ni ya nchi ile ile uliyosimama. Kilichopo ni kwamba polisi wa nchi mwenyeji hawaruhusiwi kuingia mle bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, kifungu cha 22 cha ule mkataba wa 1961, basi.

Kingine kinachochanganya watu ni vile vituo vya kupokelea maombi. Siku hizi balozi nyingi hazipokei makaratasi zenyewe, zimewapa kampuni binafsi, kubwa zinazojulikana ni VFS Global na TLScontact. Hao wanapokea fomu, wanachukua alama za vidole na picha, wanatuma mzigo, wanakurudishia pasipoti. Hawaamui chochote. Kwa hiyo yule dada wa kaunta akikwambia hii barua inatosha, anamaanisha ipo kwenye orodha yake, hamaanishi kwamba afisa ataikubali, na akikuuzia huduma ya ziada kama sehemu ya kukaa yenye makochi au meseji za kukujulisha pasipoti imefika wapi, hiyo haisogezi uamuzi hata kidogo. Na uamuzi wenyewe mara nyingine haufanyiki hata kwenye mji uliopo, kwa mfano maombi ya viza za Uingereza yanaamuliwa kwenye vituo vya maamuzi ambavyo vinaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Ndo maana kwenda kugonga geti la ubalozi kuulizia hakusaidii.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli unahitaji viza, na ya aina gani

Hii wengi wanairuka. Angalia kwa pasipoti unayobeba wewe, usiangalie rafiki yako alipitaje, manake kila uraia una masharti yake. Kuna nchi utaingia bila viza, kuna za viza unapofika uwanjani, kuna za viza ya mtandaoni, na kuna zile zenye kibali cha kielektroniki ambacho kisheria hakiitwi viza ila bila hicho hupandi ndege, mfano Kenya wameingia mfumo huo wa eTA tangu Januari 2024.

Hapa kwenye za mtandaoni kuwa makini sana na saiti. Ukigugo jina la nchi na neno viza, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kampuni za kati, wameweka bendera na nembo inayofanana na ya serikali, wanakutoza mara mbili tatu ya ada halisi kwa kukujazia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe kwa robo saa. Na hao ndo wastaarabu, wengine ni wezi kabisa. Anzia kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje au ya uhamiaji ya nchi husika, ufuate linki za kwao. Za Marekani zinaishia .gov, za Uingereza .gov.uk.

Jingine ni transiti. Mtu anapata viza ya anakoenda vizuri kabisa, tiketi ameshalipia, anafika kwenye kaunta ya ndege anaambiwa nchi unayobadilishia ndege nayo inataka viza. Marekani kwa mfano haina ile habari ya kukaa ndani ya uwanja bila kuingia nchini, hata kama unabadilisha ndege tu kwa saa mbili unapita uhamiaji, kwa hiyo asiye na msamaha wa viza lazima awe nayo. Nchi kadhaa za Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, nazo zina viza ya transiti ya uwanja wa ndege kwa baadhi ya pasipoti. Ukiona tiketi ya bei poa kuliko zote, angalia inapitia wapi kabla hujashangilia.

Hatua ya pili: pasipoti

Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele. Schengen wanataka miezi 3 baada ya siku unayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na kurasa 2 tupu. Kama yako inakaribia kuisha ibadilishe kwanza, usijaribu bahati. Pia linganisha jina lako kwenye pasipoti na kwenye vyeti vingine, herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na pasipoti ina mawili, au uliolewa ukabadilisha jina huku benki bado wana lile la zamani, tafuta hati inayounganisha hayo majina, cheti cha ndoa au kiapo, uiweke. Wewe unajua ni mtu mmoja, afisa anaona watu wawili.

Hatua ya tatu: unaomba wapi na lini

Kwa Schengen, ambayo saizi ni nchi 29 zinazotoa viza moja, huchagui ubalozi kwa kusikia upi una huruma. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku ni sawa sawa, ile utakayoingia kwanza. Watu wanaomba nchi fulani kwa sababu apointimenti zipo karibu, wanaweka buking ya siku tano pale, afu afisa anaona tiketi ya kuingia na kutoka vyote ni vya mji wa nchi nyingine. Hapo hata kama kila kitu chako ni safi umeshajitia doa. Na kama nchi unayoenda haina ubalozi karibu na wewe, usikate tamaa, mara nyingi kuna ubalozi wa nchi nyingine unaopokea kwa niaba yao.

Muda: Schengen unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila wana haki ya kufika mpaka 45. Uingereza unaomba si zaidi ya miezi 3 kabla. Marekani foleni ya intavyu inategemea ubalozi na msimu, kuna sehemu wiki, kuna sehemu miezi mingi, kwa hiyo unatafuta tarehe ya intavyu kwanza ndo unapanga safari. Mi ushauri wangu anza miezi minne kabla, na kama unasafiri msimu wa likizo za shule anza hata mapema zaidi ya hapo.

Hatua ya nne: fomu

Jaza mwenyewe. Kama huwezi na lazima mtu akusaidie, kaa pembeni yake usome kila jibu kabla halijatumwa, manake ukiulizwa utaulizwa wewe, na saini ni yako. Ajenti mvivu anakopi fomu ya mteja aliyepita, unajikuta umeandikwa una watoto wawili na wewe hujawahi kuoa.

Fomu ya Marekani ya DS-160 ina tabia yake, ukikaa kama dakika 20 bila kugusa kitu inakutoa nje. Pale mwanzoni inakupa namba ya maombi, iandike kwenye karatasi au piga picha kwa simu kabla hujaendelea, bila hiyo unaanza upya. Inauliza pia akaunti zako za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka 5 iliyopita. Ziandike zote, hata ile ya zamani uliyoitelekeza ambayo picha yake bado una nywele ndefu.

Kuna swali moja kwenye karibu kila fomu ambalo watu wanalidanganyia bila sababu: umewahi kunyimwa viza? Sema ndiyo kama ni ndiyo. Alama zako za vidole zipo kwenye mfumo, Schengen wanazitunza miaka 5, na nchi nyingine zinapeana taarifa. Kukataliwa huko nyuma si dhambi, unaeleza kilichotokea na kilichobadilika. Ila uongo ni kitu kingine kabisa. Uingereza ukikamatwa na udanganyifu unaweza kufungiwa miaka 10, Marekani ukidanganya jambo la msingi zuio linaweza kuwa la maisha. Yaani unaficha kidonda kidogo unakatwa mguu.

Picha nayo isikuchelewesha. Schengen ni milimita 35 kwa 45, Marekani ni 51 kwa 51, na Marekani hawataki miwani kwenye picha tangu Novemba 2016. Iwe ya ndani ya miezi 6. Usitumie ile unayoipenda ya kwenye harusi.

Hatua ya tano: makaratasi, na hapa ndo penyewe

Orodha utaipata kwenye tovuti yao, sitairudia yote. Ntaongelea zile zinazoangusha watu.

Stetimenti ya benki. Mara yangu ya kwanza kuomba viza nilikataliwa na najua kabisa kwa nini. Akaunti yangu ilikuwa ya mtu wa kawaida, mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, ada ya mdogo wangu inatoka, mwisho wa mwezi kinabaki kidogo. Nikaona aibu. Nikamwomba binamu yangu aniwekee hela, akaniwekea kwa mkupuo mmoja, kiasi kama cha mishahara yangu ya miezi saba, siku tisa kabla sijaprinti. Nikaiangalia ile namba ya chini kabisa kwenye ukurasa wa mwisho nikajiona tajiri. Sasa afisa yeye haangalii ukurasa wa mwisho tu, anasoma yote, akaona mtu aliyeishi miezi sita kwa mshahara afu ghafla siku moja mvua imenyesha. Pasipoti ikarudi ndani ya bahasha na karatasi moja yenye viboksi, viwili vimewekwa tiki: kimoja hawajaridhika na uwezo wangu wa kujigharamia, kingine wana mashaka kama nitaondoka muda ukiisha. Hicho cha pili ndo kiliniuma, manake ile hela niliiweka ili waniamini.

Ukikaa ukafikiria, wapo sahihi. Mtu anayeazima hela ya kuonyesha ana hesabu gani kichwani? Kosa halikuwa hela ya binamu, kosa ni kuificha. Kama kuna mtu anakugharamia mtaje wazi: barua yake inayosema analipia nini, stetimenti yake yeye, na ushahidi wa undugu au uhusiano wenu. Na kama ni mkupuo halali, umeuza kiwanja, umelipwa malimbikizo, chama chenu kimegawana, weka karatasi ya mkataba na mstari mmoja wa maelezo. Afisa hana muda wa kukupigia simu akuulize, asipoelewa anakataa.

Mara ya pili nilitumia akaunti ile ile na mshahara ule ule. Nilichobadilisha ni safari, kutoka wiki tatu mpaka siku nane, na hoteli ya hadhi yangu. Ikapita. Kwa hiyo kabla hujaulizia kiwango gani cha hela wanataka benki, chukua gharama ya safari nzima uiweke pembeni ya kile kinachobaki kwako kila mwezi. Zikipishana sana punguza safari, usiongeze hela.

Barua ya mwajiri. Inatakiwa iseme cheo chako, umeanza lini, mshahara, likizo ni kuanzia tarehe ipi mpaka ipi, na kwamba unategemewa kurudi kazini tarehe fulani. Mstari huu wa mwisho ni dhahabu na ndo unaosahaulika. Mshahara ulioandikwa humo ufanane na unaoingia benki, na kama kuna makato weka salari slipu ili mtu aone tofauti imetoka wapi. Hakikisha namba ya simu kwenye barua inapokelewa, maana wanapigaga kweli, na mwambie yule wa mapokezi mapema asije akasema huyo simjui. Kama umejiajiri utatumia leseni, usajili wa biashara, risiti za kodi, stetimenti ya biashara, na kama biashara yako haina makaratasi yote hayo basi andika barua ya ukweli unaeleza unafanya nini, nani atabaki anaiendesha ukiwa safarini.

Mwanafunzi, barua ya chuo inayoonyesha masomo yanaendelea baada ya tarehe ya kurudi. Mstaafu, karatasi za pensheni. Mama au baba wa nyumbani, za mwenza wako na cheti cha ndoa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya yule mwingine.

Ratiba. Ukurasa mmoja unatosha, siku, mji, unalala wapi, unafanya nini. Usinakili ratiba ya mtandaoni yenye miji sita kwa siku saba, hakuna binadamu anasafiri hivo na afisa amezisoma nyingi sana za namna hiyo. Tarehe za ratiba, tiketi, hoteli, bima na barua ya likizo ziwe zinaongea lugha moja. Kaa chini na kalamu uzilinganishe moja moja, ukiona likizo inaisha tarehe 14 na ndege inarudi tarehe 16 umejikamata mwenyewe.

Tiketi usilipie kabla ya viza labda iwe ya kurudishiwa hela. Wengi wanataka buking tu, na Marekani wenyewe wanashauri usinunue mpaka uwe na viza mkononi. Ila buking iwe ya kweli, ukibuku hoteli ukaikansel siku ya pili baada ya apointimenti, wanaweza kuangalia.

Bima kwa Schengen ni lazima, ifidie angalau yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen na siku zote utakazokuwepo, ikiwa pamoja na matibabu ya dharura na gharama za kurudishwa nyumbani mgonjwa au marehemu. Soma cheti chenyewe, usimwamini anayeuza.

Barua ya mwaliko kama unafikia kwa ndugu. Inasaidia kuonyesha utalala wapi, haisaidii kuonyesha utarudi, na watu wanaitegemea kupita kiasi. Tena ndugu akiandika maneno mengi ya kuapa kwamba atahakikisha unarudi, anamkumbusha afisa wasiwasi wake.

Hati zilizo kwa lugha wasiyoisoma zitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa. Afu skani kila kitu, weka kwenye folda moja yenye majina ya kueleweka, na bakisha kopi ya fomu uliyojaza, utaihitaji.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Nenda na orodha uliyoprinti, mpangilio ule ule wa orodha yao. Fika mapema kidogo, si masaa matatu. Mabegi makubwa, laptop na mara nyingine hata simu haviruhusiwi, angalia kabla. Vidole vyako kama vimepakwa hina au una kidonda mashine inaweza kugoma kuvisoma, kwa hiyo pisha hivyo vipite kwanza. Watoto chini ya miaka 12 Schengen hawachukuliwi alama za vidole.

Sehemu nyingine hakuna intavyu kabisa, unakabidhi unaondoka. Marekani intavyu ndo kila kitu, na ni fupi kuliko unavyowaza, unasimama dirishani, kioo katikati, dakika chache. Sheria yao, kifungu cha 214(b), inaanza kwa kudhani kwamba kila anayeomba anataka kuhamia, wewe ndo wa kuonyesha vinginevyo. Kwa hiyo afisa hakushuku wewe binafsi, ndo pa kuanzia pake kwa kila mtu.

Kwenye ubalozi mmoja nilikuwa nyuma ya baba mmoja, amevaa suti, kabeba faili nene kama kamusi, hati za nyumba, picha za ng'ombe, vyeti vya watoto. Afisa hakuligusa. Akamuuliza unaenda kwa nani, kwa mwanangu. Utakaa muda gani, miezi miwili. Mwanao anafanya kazi gani huko? Yule baba akageuka akaangalia faili lake kama jibu lipo mle. Akafungua, akafunua funua, akasema anafanya kazi nzuri. Pasipoti ikarudishwa palepale na kikaratasi. Nilimuonea huruma sana, manake nina uhakika alikuwa anaenda kweli kumuona mwanae na angerudi, ila hakuna aliyemwambia kwamba maswali yatakuwa ya mdomoni.

Jibu kilichoulizwa, kifupi, kisha nyamaza. Usikariri, ila jua safari yako kama mtu anayeenda kweli: mji gani, kwa nini huo, nani analipa, unarudi lini, kazini nani anakaimu. Kama hujui kiingereza vizuri omba lugha unayoiweza, wengi wanatoa. Usimpe afisa bahasha yoyote isiyo ya hati, hata kwa utani.

Kusubiri

Hapa hakuna cha kufanya, na ndo watu wanaharibu. Wanatuma imeili kila siku, wanatuma hati mpya ambazo haziulizwi na zinapingana na za mwanzo. Wakikuomba kitu cha ziada kitume haraka, kile walichoomba tu. Na mtu akikupigia simu anasema ni wa ubalozini, faili lako limekwama, tuma hela kidogo lisogee, huyo ni tapeli, ada ya viza inalipwa mara moja kwa njia iliyoandikwa kwenye tovuti na haina kiinua mgongo. Ada yenyewe hairudi hata ukikataliwa, unalipia kusikilizwa.

Ukikataliwa

Soma ile barua ukiwa umetulia, kesho yake. Schengen wanalazimika kukupa sababu kwa maandishi, na una haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyokunyima, muda ni mfupi kwa hiyo angalia tarehe. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida haina rufaa, unaomba upya. Marekani kwa 214(b) hakuna rufaa, ila hakuna kizuizi cha kuomba tena kwa ada mpya. Ukipewa kikaratasi cha kifungu cha 221(g) hapo mara nyingi ni kwamba kuna hati inakosekana au wanafanya uchunguzi zaidi, fuata maelekezo ya kile kikaratasi.

Kuomba tena wiki inayofuata na makaratasi yale yale ni kuchoma hela. Subiri mpaka kuna kitu kimebadilika kweli. Rufaa mi ningeifanya pale tu ambapo wamekosea kitu ninachoweza kukionyesha kwa kidole, mfano wanasema hukuleta bima na risiti ya kituo inaonyesha uliipeleka.

Ukipata

Usiweke tu mkobani, isome pale pale. Jina, namba ya pasipoti, tarehe, idadi ya kuingia. Wanakoseaga, na kurekebisha kabla ya safari ni rahisi kuliko uwanjani. Kwenye stika ya Schengen kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: kipindi ambacho viza inatumika, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Viza inaweza kuonyesha wiki nne huku siku ni 10 tu, basi una siku 10 ndani ya hizo wiki nne. Na hata ya miaka mingi bado ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Kama imeandikwa kuingia mara 1, ukitoka Ufaransa kwenda London kutembea hurudi tena Paris kwa viza hiyo, Uingereza haimo Schengen. Marekani nako viza ya miaka 10 haina maana ya kukaa miaka 10, siku zako anazipanga afisa wa mpakani ukifika, na yeye anaweza kukuzuia hata kama stika ipo. Kwa hiyo beba kwenye begi la mkononi kopi za hoteli, bima, tiketi ya kurudi na barua ya kazi, anaweza kukuuliza yale yale.

Kabla hujaondoka chukua simu na anwani ya ubalozi wa nchi yako kule uendako. Ukipoteza pasipoti ndo watakaokupa hati ya kurudia nyumbani, ukikamatwa una haki ya kuomba wajulishwe, kifungu cha 36 cha ule mkataba wa 1963. Ila hawatakutoa jela, hawalipi wakili wala bili ya hoteli, na kama hakuna ubalozi wenu kule uliza mapema ni ubalozi gani wa jirani unaohudumia nchi hiyo.

Ukirudi tunza bodingi pasi na hakikisha kutoka kwako kumeandikwa. Schengen tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kidijitali wa kuandikisha wanaoingia na kutoka badala ya mihuri, lakini mi karatasi zangu bado naziweka. Na pasipoti ikiisha muda huku ndani kuna viza ya Marekani ambayo bado ina miaka, usiibandue ile stika kuihamishia kwenye mpya, ukiibandua umeiua. Unasafiri na pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya, mi nimezifunga na mpira wa kufungia hela.